Jiko Lina Wabunge, Mimi Sina

Jamani, hivi mnajua Marekani jiko la gesi lina wabunge wa kulitetea? Jiko! La kukaangia mayai! Mimi mtu mzima, nina watoto, nina kadi ya kura, na hata mjumbe wa nyumba kumi hajawahi kunitetea.

Habari nimeipata kwa shemeji, kaka wa mama watoto, yuko Ohio. Anatuma voice ndefu za WhatsApp, bando langu linakwisha, halafu anauliza, "Shem, umenielewa?" Mama watoto kaweka spika, wapangaji wote masikio wazi. Najibu nimeelewa. Yeye anadakia, "Kaka, mrudie taratibu."

Basi ni hivi. Mwaka 2019 mji wa Berkeley, California, ulikataza kuvuta bomba la gesi kwenye majengo mapya. Maana wenzetu wengi gesi inaingia ndani kwa bomba. Hakuna mtungi. Hakuna kuutikisa usiku usikie kama kimebaki chochote. Wenye migahawa wakaenda mahakamani, na 2023 mahakama ya rufaa ikaitupa ile marufuku.

Januari mwaka huohuo, kamishna wa tume ya usalama wa bidhaa, Richard Trumka Jr., akasema majiko ya gesi yana hatari iliyojificha, na hata kuyapiga marufuku kunaweza kufikiriwa. Habari yenyewe ni hewa ya naitrojeni dioksaidi inayotoka motoni, inayohusishwa na pumu kwa watoto. Weee! Nchi ikawaka. Mwenyekiti wa tume akakana, Ikulu ikakana, wapi! Mbunge wa Texas, Ronny Jackson, kaapa jiko lake watalichukua yeye akiwa maiti. Mimi langu walikuja kulichukua kwa deni la kikoba, nikawasaidia kulibeba hadi kwenye bajaji.

Juni, Baraza la Wawakilishi likapitisha miswada miwili, leo mmoja, kesho mwingine. Mmoja, kura 248 kwa 180, ulitaka kuizuia tume kutumia fedha za serikali kupiga marufuku majiko ya gesi. Wa pili ulitaka kuibana wizara ya nishati na kanuni zake. Seneti haikuipigia kura. Lakini majimbo zaidi ya 20, Arizona ikitangulia 2020, yameshakataza miji yao kukataza gesi. New York nao wakashika njia yao: 2023 wakatunga sheria majengo mapya yaachane na gesi. Yaani huyu anakataza, yule anakataza kukataza. Hapo nikaomba Panadol.

Sasa huku kwetu gesi ndiyo nishati safi! Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tupikie nishati safi. Kinachopigwa vita ni kuni na mkaa, wakianza na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100. Shemeji ananiuliza, "Shem, nyie hamuogopi ile hewa?" Niogope hewa? Mimi naogopa kujaza! Mtungi haukati siku ya chai. Unakata maharage yakiwa nusu, mama mkwe amekaa sebuleni. Mangi hakopeshi gesi. Ananikopesha sukari, vocha, hata ndala, gesi hapana. Naupita uwanja wa bao na mtungi begani, wazee wanauliza kwa pamoja, "Imekata tena?" Eti tena!

Juzi nikainjika maji ya kuoga kwenye gesi. Sufuria moja tu, wallahi. Mama watoto akatokea, akazima, akatangaza: kuanzia leo gesi ni ya chakula, maji ya mwanamume yatachemka kwenye mkaa. Nikadai mjadala. Akaita watoto wanyooshe mikono. Hoja ikapita, hata kale kadogo kasikojua kuhesabu kamenyoosha yote miwili. Mimi kura yangu haikuhesabiwa, nilishatumwa nje kupepea.