Sifa za Bomba Lisilonyamaza

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, jahazi na macho malegevu, wala sijamwona hata mmoja aliyejitaabisha kulisifu bomba la moshi la pikipiki, hasa lile ambalo kijana wa bodaboda wa Isiolo hulifunga mahali pa silensa ya kiwandani kwa chumo la siku kadhaa. Nami, ambaye dirisha langu laelekea barabara kuu ya Moyale, na kwa sababu hiyo nimeneemeka kwa sauti yake usiku na mchana, naona ni utovu wa adabu kuendelea kunyamaza ilhali lenyewe halinyamazi.

Kwanza lina nasaba. Hiram Maxim, aliyebuni mwaka 1884 ile bombomu ambayo Lugard alikuja nayo Uganda mwaka 1890, alizibwa masikio na silaha zake mwenyewe. Mwanawe, Hiram Percy, akapata mwaka 1909 hataza ya kifaa cha kuinyamazisha bunduki, kisha kwa elimu ile ile akatengeneza silensa za mota. Tazama basi busara ya kijana wetu, ambaye kwa spana na moto wa kuchomelea ameibatilisha kazi ya mwana, akairejesha sauti ya baba. Anapolegeza mkono ghafla, bomba hupasua hewa mfano wa risasi, na wazee wanaoikumbuka Isiolo ya vita vya shifta, baina ya 1963 na 1967, huinama kwanza ndipo wakatukana.

Ilhamu ilimjia kituo cha mafuta, siku aliposimama msafiri mmoja wa hao watokao Cairo kwenda Cape Town, juu ya pikipiki ya masafa yenye injini ya kupita sentimita za ujazo 1,000, ikinguruma kwa staha kama simba aliyeshiba. Kijana akaitazama Boxer yake ya 150, akaingiwa na huzuni, akaenda kwa fundi wa jua kali. Ndani ya silensa mna vijumba na mirija iliyotobolewa, ambamo mawimbi ya sauti hugongana hata yakauana. Fundi akaing'oa pamoja na matumbo yake yote, akafunga bomba tupu. Wajuzi wasiojua raha husema kwamba kabureta isiporekebishwa injini huvuta hewa nyingi kwa petroli kidogo, ikachemka, na nguvu isiongezeke hata chembe. Lakini ni abiria gani aliyewahi kuzihesabu nguvu za farasi? Yeye husikia tu. Na alichosikia siku ile ni mbuzi aliyemmeza simba.

Fadhila zake nizitaje zipi? La mgambo likilia lina jambo, na ndilo kosa la mgambo, kwamba hutudai tutoke tukasikilize. Bomba hulia bila ya jambo lolote, halimwiti mtu, halitaki mchango. Humwamsha Mwislamu kwa sala ya alfajiri tangu saa nane za usiku, asije akawa na udhuru. Ngamia waendao mnadani, wanyama wavivu kwa tabia, huwafundisha mbio. Fauka ya hayo, kwa kuwa halikufungiwa bati la kukinga joto, humpiga abiria muhuri kwenye shavu la mguu wa kulia, hidaya ambayo mimi mwenyewe ninayo, na haifutiki.

Serikali, kwa kanuni zake za kelele za mwaka 2009, haikulipa taadhima listahiliyo. Ndiyo maana pale kwa fundi, juu ya misumari ukutani, zimetundikwa silensa za kiwandani zilizoachwa amana, kila moja na alama ya mwenyewe kwa chaki. Ikisikika kwamba askari wa trafiki wametanda barabarani, vijana hujipanga mlangoni, fundi akazipangusa vumbi na kuzifunga moja baada ya moja, na kwa muda wa adhuhuri nzima, bila ya mtu kujua sababu, Isiolo husikia kuku wake.