Sifa za Ekzosi Iliyotoboka

Nchi hii haijawahi kupungukiwa na sifa. Tumesifu viongozi, timu za mpira, maharusi ambao hata majina yao hatuyajui, na pikipiki mpya ambayo marejesho ya mkopo wake hayajaanza. Wapenzi wa Land Rover za zamani ndio usiseme. Watakusifia shasi, springi za majani, giaboksi, hata ile tundu ya pembeni inayoingiza vumbi. Lakini sijamsikia mmoja wao akisimama kuisifu ekzosi. Nami sizungumzii ile mpya inayong'aa dukani. Nazungumzia ile iliyooza, iliyofungwa waya, inayonguruma Usa River ukaisikia Tengeru. Leo nasimama mimi, na nitaisifu kwa utaratibu anaostahili kila mkubwa: kwanza nasaba, halafu tabia, mwisho matendo.

Nasaba yake ni ya heshima. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati chuma huko Uingereza kilikuwa bado cha mgawo baada ya vita. Aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi, basi bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana hadi leo, ukienda Longido au Karatu, utaikuta Land Rover aina ya 109 ya miaka ya sabini imepondeka kila ubavu, rangi imebadilishwa na kila aliyewahi kuimiliki, na bodi bado haijaoza. Sasa kutu nayo ina haki yake, na haki ya mtu haipotei. Bodi ilipokataa kulipa, ekzosi ilijitolea kulipa kwa niaba ya ukoo mzima. Shasi husaidia kidogo, lakini mlipaji mkuu anajulikana.

Na jinsi inavyolipa inafundisha adabu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo hupita kwenye bomba kama mvuke. Gari likienda safari ndefu, bomba hupata moto na mvuke wote hutoka nje. Gari likienda sokoni na kurudi, bomba halipati moto wa kutosha, mvuke unageuka maji na kutuama ndani ya sailensa. Maji hayo yakikutana na salfa iliyomo kwenye mafuta, yanakuwa asidi. Kwa hiyo ekzosi huoza kuanzia ndani. Kwa nje utaiona nzima, imepakwa tope la heshima, na ukiigonga kwa kidole itakuitikia vizuri. Imekaa na ugonjwa wake miezi mingi bila kumsumbua mtu, hadi siku ulipopita kwenye tuta na nusu yake ikabaki barabarani. Zile za Tanga na Mombasa zina fadhila ya ziada, kwa sababu chumvi ya baharini huwa imeanza kuzila kwa nje kabla maji hayajamaliza kazi ya ndani.

Tukija kwenye tabia, sifa yake ya kwanza ni ukweli. Ndani ya Land Rover kuukuu kila kitu hudanganya. Geji ya mafuta inadanganya, mshale wa mwendo unacheza ngoma yake, taa ya oili iliungua zamani, na aliyekuuzia alikuapia kuwa injini imefanyiwa ovaholi. Ekzosi peke yake haijui kusema uongo. Gasketi ya kwenye manifoldi ikichoka, utasikia asubuhi injini ikiwa baridi sauti ya tik-tik-tik, na chuma kikishapata moto na kutanuka, inanyamaza. Kiungo cha katikati kikiachia, utasikia kupuliza kila unapokanyaga mafuta. Sailensa ikitoboka, hapo huhitaji fundi wala mganga, mtaa mzima utakuletea taarifa.

Ukweli huo umewahi kuwa huduma kwa umma. Enzi zile 109 ndiyo ilikuwa ikimleta bwana shamba na mkuu wa wilaya, kijiji kilikuwa kikipata taarifa ya ujio wao dakika kadhaa kabla vumbi halijaonekana. Karani alipata muda wa kufagia ofisi, mwalimu wa kuwapanga watoto mstari, na mama mpika gongo wa kuhamisha mitungi. Magari ya siku hizi yanafika kimya, yanawakuta watu walivyo. Sijui kama huo ndio utawala bora.

Sifa ya pili ni kugawa riziki. Injini nzima haimlishi mtu, ila ekzosi iliyotoboka inalisha watu wengi kwa zamu. Anaanza kijana mwenye waya wa kufungia nondo. Anafuata yule anayepasua kopo la mafuta ya kupikia, analizungushia tundu, na kulibana kwa klampu mbili. Kopo likiungua, anakuja mchomeleaji. Yeye hupiga kiraka juu ya chuma kilichobaki chembamba kama karatasi, moto unatoboa pembeni, anaziba pale palipotoboka, panatoboka kwingine. Mwishowe anakuja bingwa mwenye bomba la maji la galvanaizi. "Bosi, hili halitaoza hata ukiuza gari," anasema, na hasemi uongo. Asichosema ni kwamba zinki ya kwenye bomba hilo ikipigwa moto wa kuchomelea hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta bila kinga jioni hushikwa na baridi na homa akadhani ni malaria. Kwa hiyo duka la dawa nalo limepata mteja. Na hapo bado hatujafika maduka ya Gerezani kutafuta spea.

Sifa ya tatu ni subira, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo ekzosi inapomfunza mwanadamu. Ingia uvunguni. Pale bomba la mbele linapokutana na manifoldi kuna stadi, na juu ya kila stadi kuna nati. Nati imeshavaa kutu hadi huoni inaanzia wapi na stadi inaishia wapi. Land Rover za zamani nati zake nyingi ni za inchi. Ile ya nusu inchi ina milimita 12.7, na fundi ana spana namba 13. Inaingia, tena vizuri, na huo ndio mtego. Inacheza kidogo, kidogo tu, na akiweka nguvu kona za nati zinalika moja baada ya nyingine hadi nati inakuwa mviringo kabisa. Anajaribu praya ya kubana. Anamwagia oili ya breki, anaiacha inywe hadi baada ya chai. Anarudi, anagonga kwa nyundo. Kutu inamdondokea jichoni.

"Mzee, hii haitoki," anasema kutoka chini.

"Kijana wangu, kuna mtu aliifunga. Itatoka."

"Huyo aliyeifunga yuko wapi?"

"Atakuwa alishastaafu, huko kiwandani Solihull, Uingereza."

Kinaletwa chombo cha gesi. Moto unaelekezwa kwenye nati hadi inakuwa nyekundu, ili itanuke na kuachia ile kutu iliyoikamata. Fundi mwenye busara huanza kwa kuikaza kidogo, ndipo anailegeza, halafu anaikaza tena, kama anayembembeleza mtoto mwenye hasira. Fundi mwenye haraka huvuta mara moja, kunasikika mlio mdogo mkavu, na wote mliopo mnatazamana. Stadi imekatikia ndani ya manifoldi. Sasa zitahitajika kekee, tepu ya kukata nyuzi upya, na siku nyingine.

Hapo ndipo inapodhihirika sifa ya nne, mshikamano. Ulikuja na nia ya kubadilisha sailensa ya nyuma tu. Lakini sailensa imeungana na bomba la katikati kwa kutu isiyojua talaka. Ukilikata kwa grainda, bomba la katikati linabaki fupi. Ukilinunua la katikati, halikubali kuingia kwenye la mbele ambalo mdomo wake umeshapinda. Ukiligusa la mbele, stadi zinakatika. Zile raba zinazoning'iniza bomba zote zimepasuka, na bati la kishikio limebaki tundu bila bati. Mtu aliyetoka nyumbani na hela ya kipande kimoja, saa kumi jioni anasimama kaunta ya spea akisoma orodha yenye urefu wa mahari. Niambie chama gani cha wafanyakazi kimewahi kuwa na umoja wa namna hiyo.

Nimebakiza matendo, na tendo lake kuu ni ukarimu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ekzosi ikisifiwa hutia moshi ndani. Land Rover ya zamani haina tundu lililoziba sawasawa, sakafu yake ni vipande, na mlango wa nyuma hufungwa kwa nia njema. Gari likiwa mwendoni, hewa ya nyuma yake huvutwa kurudi ndani, na ikiwa bomba limekatika katikati, moshi unatokea chini ya miguu ya abiria. Ndani ya moshi wa petroli kuna kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Injini ya dizeli huitoa kwa kiasi kidogo kuliko ya petroli, lakini kidogo hicho si leseni ya kukaa ndani ya moshi. Abiria wanaanza kuumwa kichwa wanasema ni jua. Wanasikia kichefuchefu wanasema ni kona za mlimani. Wanasinzia, na dereva anafurahi kwamba leo hakuna anayebishana nauli. Ukarimu wa aina hii ndio unaoua watu. Na tundu likielekea chini, gari likaegeshwa juu ya nyasi kavu mwezi Septemba, ukarimu huo unaweza kufika hadi porini.

Ni haki basi niwataje na wasaliti, wale wanaoitupa ekzosi yao na kufunga mpya. Mwenendo wao unajulikana. Hununua mfumo mzima kwa pamoja, tangu bomba la mbele hadi mkia, na gasketi mpya, klampu mpya na raba mpya. Kwenye manifoldi huweka nati za brasi, kwa sababu brasi haishikani na chuma kwa kutu, na atakayefungua miaka kumi ijayo atawaombea dua. Huanza mbele kurudi nyuma, wanaunganisha vipande vyote vikiwa vimelegea, wanatikisa bomba waone haligongi shasi wala halisogelei tangi la mafuta wala mirija ya breki, ndipo wanakaza. Wanawasha gari, wanapitisha mkono karibu na kila kiungo kabla chuma hakijapata moto, kusikia kama kuna pumzi inatoka. Wakishatembea safari ya kwanza na kila kitu kimepata moto na kupoa, wanarudi kukaza tena. Kisha, la kusikitisha zaidi, gari linanyamaza.

Na ukimya una gharama zake. Utaanza kusikia difu ya nyuma inavyolia, na kumbe ililia siku zote. Utasikia beringi ya gurudumu, milango inavyogongana na fremu, na mazungumzo ya waliokaa kiti cha nyuma juu ya uendeshaji wako. Ekzosi iliyotoboka ilikuwa inakufunikia aibu zote hizo bila kudai hata asante.

Msifiaji mwema hujua mahali pa kutolea sifa. Hizi zangu zote, za ukweli, za riziki, za subira na mshikamano, zisomewe ekzosi ikiwa imeshafunguliwa na iko juu ya mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, hapo nitaongeza na vigelegele. Kama bado iko chini ya gari lenye watu, usiisifu wala usiipige kiraka kingine. Kopo na waya viwe vya kukufikisha gereji, na madirisha yote yakiwa wazi. Nunua yote kwa mara moja, maana ukinunua kipande kipande utalipa fundi mara tatu kwa kufungua nati zilezile. Na wewe abiria uliyepanda gari linalonguruma ukaanza kuumwa kichwa na kusikia usingizi usio na sababu, usione haya. Mwambie dereva asimame, mshuke wote mpate hewa, na asiyeamka kwa kuitwa awahishwe hospitali.