Mkwe Nyuma ya Pazia

Hadhi, kama nionavyo mimi, ni kitu kihitajicho wakati. Mtu hawezi kutukuzwa upesi upesi. Wazee waliosafiri kwa gari la moshi baina ya Nairobi na Kisumu walilijua hili vyema, maana gari hilo liliondoka jioni na kuwasili asubuhi, na abiria wa daraja la kwanza alikuwa na usiku mzima wa kuionea fahari nauli yake: alikaribishwa mezani penye kitambaa cheupe, alitandikiwa kitanda, alilala, aliamka, alinawa uso katika beseni lake mwenyewe, na gari likawa bado halijafika. Sisemi kwamba daraja zile zilikuwa za haki, kwa kuwa tangu reli ilipofika ziwani mwezi wa Desemba 1901 hata miaka mingi baadaye, Mzungu alipanda ya kwanza, Mhindi ya pili, na Mwafrika ya tatu pamoja na kuku wake. Nasema tu kwamba aliyetukuzwa alitukuzwa akashiba.

Hata angani mambo yalianza kwa utuvu. Katika miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua juu ya maji ya ghuba yetu hapa Kisumu, zikitoka Uingereza kwenda Afrika Kusini, na zile kubwa za mwisho wa miaka hiyo zilikuwa na chumba cha kuvutia sigara na mahali pa abiria kusimama akitazama nchi ikipita chini yake. Safari ilichukua siku kadhaa, usiku watu wakashuka kulala hotelini kama waungwana, na daraja ilikuwa moja tu, nayo ni ya matajiri.

Sasa tazama tulipofika. Masafa ya Nairobi na Kisumu kwa njia ya anga ni kilomita zipatazo 265, na ndege huyamaliza kwa dakika 45 au chini ya hapo. Toa dakika za kupanda, ambazo abiria hufungwa mkanda asiondoke kitini. Toa za kushuka, ambazo hufungwa tena. Kinachosalia ni kama robo saa, na katika robo saa hiyo mtu wa daraja la kwanza (tiketi husema daraja la biashara, lakini kwetu Nyamasaria, hapa Kisumu, hatuna hila hizo) anatakiwa apewe kitambaa cha moto cha kufutia mikono, anyweshwe, alishwe, aulizwe hali, na ainamiwe kwa taadhima. Fauka ya hayo, Kisumu iko chini kuliko Nairobi kwa takriban mita 500, hata aliyepandishwa daraja jumla ya safari yake ni kuteremka.

Haya nayasema kwa kuwa yalinipata. Mimi ni mzaliwa wa Mvita niliyeletwa Kisumu na ualimu na kubakishwa Nyamasaria na ndoa. Mke wangu ni binti wa Kano, na watu wote humwita Nyar Kano, nami pia, kama wao waniitavyo mimi Japuonj, yaani mwalimu. Mama yake, Mungu amzidishie umri, ni mtu wa adabu za kale, na kwa adabu za kale za Wajaluo mkwe mume na mama mkwe hawaketi pamoja, hawali wakitazamana, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Sisi wa pwani nasi tuna staha kwa wakwe zetu, walakini staha yetu aghalabu huishia katika kuinamisha macho. Staha ya Kano huhitaji uwanja wa kutosha, na ndege ni mahali pasipo uwanja.

Mama mkwe alikuwa Nairobi akitolewa mtoto wa jicho, nasi tulikwenda kumchukua. Binti yetu afanyaye kazi huko akakataa katakata nyanya yake atikiswe na matatu kilomita zaidi ya 300 hali jicho limefungwa bendeji, akanunua tiketi za ndege, na kwa kuwa alilelewa vizuri akaniweka mimi safu za mbele za watu wa kawaida, na mama yake na nyanya yake mkiani kabisa, akawa ameacha baina yetu safu nyingi za watu wasiohusika.

Mpango huu mwema ulivunjwa na kijana wa kaunta. Akanitazama kanzu yangu, koti, kofia na bakora, akagonga vitufe, akatabasamu. "Sheikh, nyuma kumejaa. Tumekupandisha mbele." Nikamwambia mimi si sheikh ila mwalimu mstaafu, na kama kuna kiti cha heshima kimezidi basi yupo mama hapa mwenye jicho la kuuguzwa, akalie yeye. Kijana akasema mtambo umekwisha kulikubali jina langu. Nikageuka kwa mke wangu, naye akageuka kwa mama yake, wakasemezana Kijaluo, kisha jibu likanirudia: "Mama anasema kiti alichopewa mkwe hakikaliwi na mama mkwe. Anasema pia nenda, huko mbele ni mbali zaidi nasi."

Nikaenda. Wa daraja la kwanza huingia kwanza, jambo linalohesabiwa kuwa ni upendeleo, ilhali maana yake halisi ni kwamba wewe umekwisha keti na halaiki yote inapita ubavuni pako ikikukagua. Nilipowaona wangu wanakuja nikafungua gazeti nikajifunika nalo. Mama mkwe naye, aliponitambua kwa kanzu, akavuta leso usoni kwa adabu, ikafunika lile jicho moja lililobaki linaona. Na katika kupapasa njia akashika bega langu, akaliegemea kwa uzito wake wote akidhani ni mgongo wa kiti, akapumzika hapo huku foleni ya mbele yake ikipanga mizigo. Sikupumua. Nyar Kano aliniona, akanikodolea macho kunionya nisithubutu kusogea, maana kiti kinachosogea kingemjulisha kila kitu.

Tulipokwisha kuruka, binti mhudumu akalivuta pazia lililo baina ya daraja mbili. Lilikuwa pazia jepesi la buluu, refu la kufika karibu na sakafu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikastarehe. Nikaletewa sharubati na korosho katika kibakuli. Nami, nikiwaza kwamba mama yule nyuma amepewa labda maji tu, nikamwomba binti ampelekee kibakuli changu bila kukigusa. Akaenda, akarudi nacho kimejaa vilevile. "Mzee, Bibi anauliza hizi zimetoka kwa nani." Nikasema amwambie zimetoka kwa rubani. Akaenda tena, akarudi anacheka. "Anasema rubani aendeshe ndege. Tena anauliza, kama zimetoka kwako, je, pazia limefungwa barabara?" Nikageuka kulichungulia, limefungwa barabara, hakuna upenyo wa hata kidole. Ujumbe ukapelekwa, na kibakuli hakikurudi.

Basi nikaamini kwamba mtu aliyevumbua pazia la ndege, ambalo sisi tulidhani ni la kutenganisha wenye pesa na wasio nazo, alikuwa na wakwe. Tulikuwa tumekwisha vuka Bonde la Ufa na misitu ya Mau, mashamba ya chai ya Kericho yakalala chini yetu, nami nikawa ninakula mkate wangu wa nyama kwa raha, mama mkwe anakula korosho zake, hakuna amwonaye mwenziwe, adabu imetimia futi elfu nyingi juu ya Kano. Ndipo rubani akatangaza kwamba tunaanza kushuka.

Nilikuwa sijui kwamba kwa kanuni za usalama pazia hilo halina ruhusa ya kufungwa ndege inapotua. Wahudumu wanatakiwa waione ndege yote wazi kutoka mbele hadi nyuma. Binti akaja akalivuta kwa mkono mmoja, shwaa, akalifunga pembeni kwa kishikizo. Nami kwa mshtuko nikageuka, kosa la shingo tu wala si la moyo, nikamwona mama mkwe amechungulia kwenye njia kutazama kulikoni, shavu limevimba korosho, jicho moja limenikazia. Hakutafuna wala hakutema. Alikaa hivyo hivyo, shavu limejaa, tangu Ahero mpaka magurudumu yalipogusa ardhi, na ndege ilizunguka kwanza juu ya ziwa.

Katika haraka ile ya kugeuka na kujigeuza, nikakirudisha kimeza changu. Viti vya safu ya mbele kabisa havina kiti kingine mbele yake cha kubeba kimeza, hivyo chao hukunjwa mara mbili kikazamishwa ndani ya mkono wa kiti. Nikakikunja, nikakizamisha, nikafunika, kikaitika ka! na kanzu yangu nayo imo ndani, tangu pindo hadi karibu na goti.

Uwanja wa Kisumu ulifanywa wa kimataifa mwaka 2012, na njia yake ya kurukia ikarefushwa ikapita kilomita 3. Kwa urefu huo wote ndege ilipokuwa ikitambaa kurudi kwenye jengo, nilivuta kanzu kwa siri na nisifanikiwe. Ikatangazwa kwamba abiria wa daraja la kwanza washuke kwanza. Wenzangu wakashuka, mimi nikabaki nimeketi wima, bakora mkononi, natabasamu. Binti mhudumu akajaribu, kisha akamwita fundi aje na bisibisi, na halaiki ya nyuma, iliyokwisha simama zamani, ikaruhusiwa kupita. Mtu wa kwanza, nadhani kwa kuniona mzee wa kanzu na kofia nimeketi pale mlangoni, akadhani nimebaki kwa makusudi ya kuwaaga watu, akanipa mkono. Aliyemfuata asingeweza kuonekana mkosa adabu. Nikapeana mikono na ndege nzima, wengine wakaniambia asante kwa safari njema, na mmoja akaniombea baraka.

Mama mkwe alikuja wa mwisho, akasimama hatua chache kutoka kwangu, akageuza uso kwenye dirisha.

"Mama anasema," akafasiri Nyar Kano, "Japuonj aikate hiyo nguo."

"Mwambie Mama," nikasema, "kanzu hii ndiyo niliyoolea."

Yakasemwa maneno machache kuelekea dirishani.

"Anasema arusi ilikwisha zamani."

Fundi alipatikana, kanzu ikatoka na alama nyeusi ya mafuta ambayo bado ipo. Sanduku langu, lililofungwa kitambulisho chekundu cha kutangulizwa, lilitokea baada ya masanduku yote. Nje ya uwanja tukakuta tuktuk, ambayo nyuma huchukua watatu waliobanana, nayo kwa hali yetu ilikuwa haifai hata kufikiriwa. Wao wakapanda tuktuk, mimi nikakunja kanzu mapajani nikapanda bodaboda, na kijana wa pikipiki, akiisha kukisoma kile kitambulisho chekundu, akanitajia nauli ya Nyamasaria ambayo sitaitaja hapa nisije nikawafundisha wenziwe. Kutoka uwanjani, katikati ya mji, mzunguko wa Kachok, hadi Nyamasaria, kwa msongamano wa saa ile, tulichukua muda mrefu kuliko ndege ilivyotoka Nairobi.

Niliwakuta stendi, mama mkwe amekwisha keti ndani ya matatu ya Ahero, mkate wa Nairobi mapajani, akingojea ijae, kwani kulala nyumbani kwa mkwe ni jambo lisilozungumzwa. Nikasimama ng'ambo ya barabara kama ipasavyo. Nyar Kano akaivuka barabara akanijia.

"Mama anashukuru," akasema. "Korosho zimezidi chumvi. Lile pazia, anauliza, ni la yadi ngapi, na lapatikana hapa Kibuye au mpaka Nairobi?"