Ukienda Lesotho kwa Farasi, Acha Kofia ya Kauboi Nyumbani

Wengi wakisema wanapanga likizo ya kupanda farasi milimani, wanachopanga ni picha. Kofia imeshanunuliwa, buti zimeshang'arishwa, nguo zimeshachaguliwa kwa rangi. Waulize farasi atabeba kilo ngapi au atakunywa maji wapi, kimya. Kama shida yako ni picha, mpiga picha wa mtaani kwenu ana pazia lenye milima. Mlipe, uwahi chakula cha mchana. Anayetaka safari yenyewe aanze na mgongo wa mnyama, maana ndio utakaobeba kila alichopanga na kila alichosahau.

Na akitaka mahali, aende Lesotho. Ni nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na katika vijiji vya ndani farasi bado ni usafiri wa watu. Wasotho walianza kupata farasi karne ya 19, enzi za Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, na baridi, njaa na miamba vikawapa farasi mfupi, mgumu, asiyekosea pa kukanyaga. Waingereza waliwanunua kwa maelfu katika vita vyao na Makaburu, 1899 hadi 1902.

Nimesema mfupi, basi panda mizani kabla hujapanda ndege. Wapanda farasi wengi hufuata kanuni kwamba mzigo wote, tandiko likiwemo, usizidi moja ya tano ya uzito wa mnyama. Farasi wa kilo 400 mwisho wake ni 80. Ukiulizwa uzito wako wakati wa kuweka nafasi, taja wa leo, si ule wa siku ya harusi. Anayedanganya hapo anamwibia kiumbe asiyeweza kulalamika.

Majira nayo yanataka akili. Juni hadi Agosti theluji huanguka milimani, na mtu wa Dar es Salaam anayejifunika shuka mbili kwa kiyoyozi asijaribu. Desemba na Januari kuna mvua za radi za alasiri, na ukiwa juu ya mgongo wa mlima hakuna pa kujificha. Mimi nasema Aprili au Mei: mvua zinapungua, na baridi ya usiku bado inavumilika kwa blanketi zuri.

Njia maarufu hutoka Malealea kwenda Semonkong, siku kadhaa za kupanda na kushuka, ukipita maporomoko ya Ribaneng na Ketane hadi ya Maletsunyane, ambako maji huanguka mita 192 kwa mkupuo mmoja. Lakini kama hujawahi kukaa kwenye tandiko, usijipe ushujaa wa siku nne. Kaa Malealea, nenda asubuhi kwenye maporomoko ya Botsoela, urudi jioni usikilize mapaja yako yanasema nini. Yakikubali, endelea.

Suruali ya jinzi yenye mshono mnene itakuchubua kabla ya saa sita mchana. Vaa laini inayobana. Kiatu kiwe na kisigino kidogo, ili mguu usipenye kwenye kikuku ukaburutwa siku farasi akishtuka. Helmeti beba yako. Ile kofia ya kauboi haijawahi kuokoa kichwa cha mtu.

Asubuhi ya kuondoka, kabla farasi hajatandikwa, omba kuuona mgongo wake. Pitisha kiganja taratibu kutoka mwisho wa shingo hadi kiunoni. Akijikunja, au ukiona doa bichi lisilo na manyoya, huyo apumzike, nawe uombe mwingine hata kama kundi zima linakusubiri na linanung'unika. Ukishapanda, tembea dakika chache kisha ukazwe tena mkanda wa tumboni. Farasi wengi hujaza tumbo wakati wa kufungwa, wakishatulia mkanda unalegea, na tandiko huzunguka na aliye juu yake.

Kwenye mteremko ndipo wajuaji huumbuka. Jiwe likibingirika tu, wanavuta hatamu kwa mikono miwili, kichwa cha farasi kinainuka, na mnyama aliyekuwa anatazama njia sasa anatazama mawingu. Legeza hatamu, egemea nyuma kidogo, sukuma visigino chini, umwache ashushe kichwa na kuchagua mawe yake. Yeye kazaliwa hapo.

Vijijini utalala kwenye kibanda cha mviringo, na mlo utakuwa papa na moroho, yaani ugali na mboga za majani, kwa hiyo Mkenya au Mtanzania hana la kulalamikia. Kijiji ni makazi ya watu, si maonyesho: msalimie mwanamume "Lumela, ntate", mwanamke "Lumela, 'm'e", na kamera isitoke kabla ya salamu. Bendera nyeupe juu ya mti ina maana pombe ya kienyeji iko tayari. Onja ukishashuka, usionje ukiwa bado na bonde la kuvuka.

Mwongoza njia mpe bahashishi yake mkononi, noti ndogo ndogo. Randi ya Afrika Kusini na loti ya Lesotho thamani yake ni moja, na zote zinapokelewa nchini humo, ila ukishavuka kurudi Afrika Kusini loti inakuwa mzigo. Zilizobaki nunulia blanketi la Kisotho, la sufu, ambalo wapanda farasi wa huko hulivaa mabegani mvua na jua.