Fuso Letu na Kadi ya Njano

Mtu wa Tarime akitaka kumsalimia shangazi yake Isebania, anavaa kandambili na kuvuka pale Sirari. Wakurya wako pande zote mbili, na ng'ombe wa mahari wamepita hapo miaka mingi bila kuuliza mpaka uko wapi. Lakini baba mdogo alipotaka Fuso letu la hapa Busawe libebe mahindi hadi Migori, Kenya, gari lisilo na hata shangazi lilidaiwa mambo kama bwana harusi.

Leseni ya mizigo ni ya LATRA. Ili uipate, shika kadi ya gari, TIN, bima na cheti cha ukaguzi. Kila karatasi ina mama yake, na mama yuko mji mwingine.

Ikaja kadi ya njano. Baba mdogo, refa wa zamani wa ligi ya kata, akafoka: "Gari halijaingia uwanjani, kosa limefanya saa ngapi?" Nikamweleza ni bima ya COMESA, gari likimgonga mtu ng'ambo alipwe. Kwamba Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na kadi yao bado tunaitumia, nilinyamaza. Angegeuza gari.

Tukakwama kwenye jina. Kadi ya gari inasema Mwita Chacha, kitambulisho kinasema Chacha Mwita. Kwetu ukiita lolote, baba mdogo anaitika. Binti wa dirishani, katika ofisi moja mjini, akauliza: "Huyu alimuuzia huyu lini?"

"Wote ni mimi."

"Basi njooni wote wawili."

Alipotulia akatutuma kwa wakili, tulete kiapo. Wakili akataka shahidi. Tukamkokota jirani tuliyekuja naye, naye kwa jina, Mungu ana masihara, ni Mwita Chacha. Wakili alivua miwani.

Mahindi nayo yana makaratasi yake. Machi 2021 Kenya iliyazuia ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: cheti kinachoonyesha haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Baba mdogo akauliza nani alizihesabu hizo bilioni.

Leseni ilipotoka, mahindi tulishayala. Mzigo wa kwanza ukawa mchanga, wa kwenda Mugumu. Njiani trafiki akatusimamisha, akaomba leseni. Baba mdogo akateremka, akapuliza mluzi, akamnyanyulia kadi ya njano.