Shangazi Saketi: Ananikodolea Jicho Jekundu

Shangazi, shikamoo. Nimemlipia nauli kutoka Dar, nimemtafutia televisheni yake mwenyewe, kipanya chake, mpaka kitambaa cha kumkinga na vumbi. Kila nikimwasha ananikodolea jicho jekundu, neno hasemi. Wenzangu ofisini wanasema kuna mkono wa mtu. Nifanyeje? — Mwalimu, Bungu.

Marahaba, mwanangu. Nilipofika kwenye kipanya ndipo nikajua humsemi mkeo. Mwisho wa barua umeeleza kwamba ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, na kwamba unaiwasha kwa chaja ya simu, "nzima kabisa", uliyonunua stendi ya Kibiti. Basi mkono wa mtu upo kweli: wa huyo aliyekuuzia chaja. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Chaja nyingi za simu zinaishia ampea 1 au 2, na ukiongeza waya mrefu mwembamba, volti zinapotelea njiani. Jicho jekundu linakwambia umeme umefika. Kama umetosha, hilo ni suala lingine. Tuna Bwawa la Nyerere juu ya mto wetu wa Rufiji, megawati 2,115, halafu huku Kibiti tunakishindisha njaa kikompyuta ambacho hata wati 10 hakimalizi.

Tafuta adapta yake halisi. Chomoa flashi, kibodi na hicho kipanya. Matundu ya HDMI yapo mawili. Tumia lililo jirani na tundu la umeme, na televisheni itangulie kuwaka. Kisha achana na taa nyekundu, itazame ya kijani, maana hiyo ndiyo yenye habari. Ikikonyeza mara 4, ikapumzika, ikarudia, ujue faili la kuanzia halionekani kwenye kadi yake ya memori. Mara 7, kinachokosekana ni kiini cha mfumo. Mara 8, memori ya ubao wenyewe imegoma, na hapo nakuruhusu kulia.

Lipo na jaribio ninalolipenda kuliko yote: toa kadi kabisa, halafu washa. Skrini ikijaa maandishi, kompyuta ikihangaika kutafuta pa kuanzia, ubao wako ni mzima. Mgonjwa ni kadi. Na kwa barua ninazopokea, mgonjwa karibu siku zote ni kadi au umeme, ila watu hukimbilia kuutukana ubao kwa sababu ndio uliokula pesa nyingi.

*

Shangazi, nina kibanda umiza huku Mbwera, delta ya Rufiji. Raspberry Pi 3 na betri ya sola ndizo zinazoonyesha picha. Kadi zinanifia mfululizo, na kwenda kununua nyingine ni boti, siyo bodaboda. Mtaalamu mmoja amenishauri niachane na sola. — Mwenye Kibanda.

Huyo mtaalamu mpe chai aende zake. Kule Karatu, shirika la Powering Potential limefunga vikompyuta vya aina hiihii kwenye shule za sekondari, kwa sola, na watoto wanasoma. Niambie kwanza: picha ya mwisho ikiisha, unaizimaje? Nahisi huizimi. Unaiacha mpaka betri ikate roho, wakati kompyuta bado inaandika kwenye kadi. Mafaili yanakatikia katikati, na asubuhi haiwaki. Izime kwa amri, subiri taa ya kijani itulie, ndipo ukate umeme. Watazamaji wakizomea, wazomee.

La pili, hiyo kadi ya GB 128 ambayo umeandika kwamba uliipata kwa bei ya chapati mbili. Zipo kadi zinazodanganya ukubwa wake: ukizidisha kiasi zilichonacho kweli, zinafuta ulivyoweka mwanzo. Ijaze mafaili, kisha jaribu kuyafungua yote kabla hujaiamini. Na mfumo haunakiliwi kama sinema. Unaandikwa kwenye kadi kwa programu ya Raspberry Pi Imager. Chumvi ya huko nayo haina adabu, kwa hiyo futa vile vidole vya dhahabu vya kadi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

*

Shangazi, Raspberry Pi 2 yetu ilizimika palepale mgeni rasmi alipopigwa picha mbele yake. Wazee wanasema mgeni ana jicho baya. — Katibu wa Sherehe, Kibiti.

Mgeni hana kosa, msimwandikie barua. Pi 2 ilipotoka mwaka 2015, watu waligundua kwamba mwanga mkali wa kamera zenye flashi ya xenoni ukiipiga, inazimika. Kuna chipu ndogo iliyo wazi, imeandikwa U16 kwenye ubao, inayosimamia umeme. Mwanga huo unaivuruga. Flashi ya simu haina nguvu hiyo, kwa hiyo mpigapicha wenu alikuja na kamera ya maana. Bandikeni utepe mweusi juu ya U16, au iwekeni kompyuta kwenye kasha lake. Mgeni rasmi abaki wazi, alilipiwa mafuta ili aonekane.