Maombi ya Kuazima Mizani ya Tabia

Kwa Uongozi wa Klabu ya Montreal Canadiens,
Montreal, Kanada.

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Natoka pwani, ambako kazi ya barafu ni kuzuia samaki asioze, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiteleza kwenye mambo ya hoki. Nilichokipenda kwenu ni utaalamu wa kupima tabia ya mchezaji, kwa mizani inayoamka siku ya kuzungumzia mshahara tu.

Chukueni suala la aliyekuwa beki wenu, P.K. Subban. Mwanzoni mwa 2013 alidai mkataba mnono. Mkamwona bado mbichi, msimu ukaanza yeye yuko nje, hadi akakubali miaka 2 kwa dola milioni 5.75. Kijana akavaa viatu vyake vya barafu, na msimu huohuo akatwaa Tuzo ya Norris, ya beki bora wa ligi nzima ya NHL. Utovu wa nidhamu ulioje!

Tena alikuwa na kosa zito zaidi. Timu ikishinda, yeye na golikipa Carey Price walikuwa na desturi yao ya kugonganisha viganja mara tatu, chini usawa wa mapaja. Kocha Michel Therrien akaipiga marufuku. Hapo niliwaelewa kabisa: mtu anayegonga viganja mara tatu leo, kesho atataka nini?

Alitaka pesa. Agosti 2014, baada ya kufikishana kwa msuluhishi, mkampa miaka 8 kwa dola milioni 72. Mwaka uliofuata akaahidi kuichangishia hospitali ya watoto ya Montreal dola milioni 10 ndani ya miaka 7. Naomba ufafanuzi: milioni hizo za wagonjwa, kwenye mizani yenu zinakaa upande upi? Huku kwetu pia mchezaji akiulizia mshahara huambiwa anajisikia, lakini akichangia hospitali tunampigia vigelegele.

Juni 29, 2016 mkampeleka klabu ya Nashville, mkamchukua beki wao Shea Weber. Zilibaki siku 2 tu, hadi Julai mosi, kianze kutumika kipengele cha kuwazuia kumhamisha bila ridhaa yake. Weber ni mtu mtulivu, sibishi, na shuti lake lilikuwa radi. Ila alimzidi Subban karibu miaka 4, na mkataba wake ulikuwa wa miaka 14, dola milioni 110, hadi 2026. Aliupataje? Mwaka 2012 alisaini ofa ya klabu ya Philadelphia, Nashville wakalazimika kulipa dau lilelile ili asiondoke. Hiyo haikuitwa tamaa. Nadhani kwa sababu aliifanya bila kucheka.

Msimu wa kwanza wa Subban, Nashville wakafika fainali ya Kombe la Stanley, mara yao ya kwanza. Nanyi mlifika 2021, Weber akiwa nahodha, wakati Subban alishapelekwa New Jersey. Nayakubali yote mawili. Lakini hayo ni matokeo ya uwanjani, na mizani mliyotuonyesha ilikuwa ya tabia.

Kwa heshima na taadhima, naomba mniazime. Nitairudisha kabla ya Julai mosi, maana najua ndipo mnapoihitaji.

Wenu katika michezo,
Mshabiki wa mabeki wanaocheka